ONG itaenda, mnunuzi atabadilika: koperative itabaki na nini?



Karibu kila mara tunapofika kwenye kikao cha koperative, pale mwisho kuna mzee mmoja ananyoosha mkono na kuuliza swali lile lile: "Sasa ninyi mutaenda lini? Na mukienda, sisi tutabakia na nini?" Watu wanacheka kidogo, halafu wote wananyamaza, maana swali ni la kweli. Leo tunataka kulijibu bila kujipamba, hata kama sisi wenyewe ni watu wa ONG.

Tuanze na kile vita ilichovunja. Wazee wanakumbuka kahawa ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, nchi yetu ilikuwa inauza inje zaidi ya tani 100,000 za kahawa kwa mwaka. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya kahawa yalianguka, na bei ikaanguka nayo. Kisha ugonjwa wa kunyauka ukaingia katika robusta na kumaliza mashamba mengi. Halafu, kuanzia 1996, vita. Wafanyabiashara walikimbia, barabara zikafa, mashini za kumenya kahawa zikala kutu. Kahawa iliyopita kwa njia ya serikali ikashuka mpaka karibu tani 10,000 kwa mwaka.

Lakini mkulima hakuacha kuvuna. Pande za Kalehe, Minova na Idjwi, watu walipakia kahawa ndani ya mitumbwi usiku, wakavuka Ziwa Kivu kwenda kuiuza Rwanda kwa bei waliyoikuta. Wengi walizama. Kuko wajane mpaka leo ambao bwana zao walienda na gunia mbili na hawakurudi. Ndiyo maana tunasema vita ilivunja mizani. Hapakuwa tena mahali ambapo mkulima angeweza kupeleka kilo yake mchana, ikapimwa mbele ya macho yake, akalipwa, akarudi nyumbani akiwa mzima. Kujenga nchi, kwa mkulima, kunaanzia pale: kurudisha mizani.

Nani aliirudisha? Tutazame mfano mmoja wa kwetu, koperative ya SOPACDI kule Minova. Ilianza mwaka 2003, wakati mkulima Joachim Munganga alipotengeneza upya kituo cha kuoshea kahawa. ONG ilikuwa haijafika bado. Miaka michache baadaye lilikuja shirika la Uingereza liitwalo Twin, likaleta mafundisho ya usafi wa kahawa, msaada wa kujenga vituo, na zaidi ya yote majina ya wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2011 SOPACDI ilipata cheti cha Fairtrade, ya kwanza kati ya koperative za kahawa za Congo. Kahawa ya wamama ilianza kuuzwa kwa jina lao na kuongezewa bei, na ndani ya wale wamama walikuwamo wajane wa ziwa.

Ukitazama vizuri utaona mikono mitatu. Mkono wa kwanza ni wa wakulima: walianza, wakaweka mashamba na jasho. Mkono wa pili ni wa ONG: ilileta ujuzi na makuta ya mwanzo, yale ambayo benki isingeweza kukopesha mahali penye risasi. Mkono wa tatu ni wa biashara: mnunuzi aliyelipa, akarudi mwaka uliofuata akalipa tena. Ukikata mmoja, kazi inalala.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili ya habari. Baadaye Twin lenyewe lilifunga milango. Shirika kubwa la London, lenye jina duniani kote, likaisha. SOPACDI haikuisha nalo. Kahawa yake iliendelea kupimwa, kuoshwa na kuuzwa, kwa sababu vituo vilikuwa mikononi mwa wanachama, na wanunuzi walikuwa wameshaijua koperative yenyewe, siyo tu ile ONG iliyowapeleka pale. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa mzee wetu.

Tumeona pia kinyume chake. Mahali pamoja, ambapo hatutapataja, tulikuta kituo cha kuoshea kahawa kizuri sana: sakafu ya simenti, mashini mpya, na ukutani kibao chenye majina ya wafadhili. Ndani, buibui. Bomba la maji lilikuwa limepasuka msimu uliopita na hakuna aliyejua ni nani wa kulilipa. Mlinzi alituambia: "Bale ba proje balijenga, balipiga foto, balienda. Sisi tulibakia na kifunguo." Bomba lile halikupita dola mia moja. Kosa lilikuwa la pande zote. ONG ilihesabu majengo na haikuhesabu mazutu, mabomba na fundi. Na koperative ilipokea zawadi bila kuuliza: mwaka wa tatu, nani atalipa?

Msemo wa wazee unasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. ONG ni mgeni. Mpe jembe, yaani mtumie kwa kazi iliyomleta: afundishe moniteri wenu, awasaidie kuandika shamba za wanachama kwa GPS (sheria ya Ulaya ya 2023 inataka kujua kahawa ilitoka shamba gani, na kama pori lilikatwa baada ya 2020), awafungulie mlango wa mnunuzi. Lakini msimpe mgeni kifunguo cha sanduku.

Na mnunuzi je? Huyu si mgeni, na si baba yetu pia. Anatafuta kahawa safi, kwa wakati, kwa bei inayomwachia faida. Mwezi wa pili 2025 bei ya arabika kwenye soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili moja, karibu nusu kilo. Bei kama ile inapendeza, lakini inaleta pia watu wenye pikipiki na makuta mkononi, wanaonunua matunda mabichi na mekundu pamoja. Mwanachama akiuza kwao, mkataba wa koperative haujai, na mnunuzi hatarudi. Bei ikishuka, wale wa pikipiki hawaonekani tena. Fairtrade iko na bei ya chini inayomlinda mkulima: mwezi wa nane 2023 iliwekwa kuwa dola 1.80 kwa ratili ya arabika iliyooshwa. Na juu yake iko premium ya senti 20.

Tuihesabu pamoja. Kontena moja ya magunia 320 ya kilo 60 ni tani 19.2. Premium yake inapita dola 8,400. Robo ya makuta yale lazima iende kwenye ubora wa kahawa na mavuno. Yote yanaamuliwa na mkutano mkuu wa wanachama. Prezida peke yake hawezi. Je, kwenye koperative yenu kila mwanachama anajua premium ya mwaka jana ilikuwa ngapi na ilienda wapi? Kama hajui, basi mizani bado haijarudi kabisa.

Sheria pia inatulinda. Congo iko ndani ya OHADA tangu mwezi wa tisa 2012, na sheria yake ya koperative inasema: mwanachama mmoja, sauti moja, hata kama shamba lake ni kubwa. Inasema tena kwamba katika faida ya mwaka, asilimia 20 au zaidi inaingia kwenye akiba ya jumla, na asilimia 20 au zaidi kwenye akiba ya mafundisho, mpaka kila akiba ifikie mtaji ulioandikwa katika sheria za koperative. Yaani mkipata faida ya dola 5,000, dola 1,000 ni za akiba ya jumla na dola 1,000 za kufundisha wanachama, kabla ya kugawana. Wengi wanaona hiyo ni kuwanyima watu. Kumbe ndiyo bomba la maji la mwaka wa tatu.

Mwaka 2025 ulituonyesha sababu. Mwezi wa kwanza, Marekani ilisimamisha misaada yake, na mipango mingi ilikatika katikati ya kazi. Mwezi ule ule vita ilifika Goma, na mwezi wa pili Bukavu. Benki zikafunga milango. Msimu wa kahawa ulikuwa karibu, na ili kupata kilo moja ya kahawa ya kuuza inje, koperative inalipa mkulima kilo 6 mpaka 7 za matunda mekundu, makuta mkononi. Kwa wiki chache tu, mfadhili na benki vyote viwili vilikuwa mbali. Siku kama ile koperative inabaki na vitu vitatu: akiba yake, wanunuzi wanaoijua kwa jina, na wanachama wanaoiamini kiasi cha kuleta kahawa leo na kungoja makuta wiki ijayo. Imani ya namna hiyo haiji na proje. Inajengwa msimu kwa msimu, pale kwenye mizani.

Kwa hiyo tunaomba maswali haya yasomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu wenu ujao:

Proje tuliyo nayo inaisha mwezi gani, na nani atalipa mazutu na fundi baada ya hapo?

Tunajua jina la mnunuzi wetu, na yeye anajua letu, ama wote tunapitia kwa ONG?

Akiba yetu ni ngapi leo, inalindwa wapi, na ni watu wangapi wanaweka sahihi ili itoke?

Wajane na wamama wanaobeba kahawa wanapokea makuta wao wenyewe, ama yanapita mikononi mwa mwingine?

Na kwa yule mzee anayenyoosha mkono: papa, hatujui siku tutakayoenda. Tunajua tu kwamba itafika. Siku hiyo, kama mizani iko yenu, sanduku liko lenu na mnunuzi anapiga simu moja kwa moja kwenu, mtatuaga kama mgeni aliyelima vizuri, na kesho yake asubuhi kituo kitafunguliwa kama kawaida.