Seva inapopoteza ghala la data: Haraka ya fundi yaweza kuwa hasara kuliko hitilafu yenyewe

NI asubuhi ya siku ya mishahara. Wafanyakazi wa idara ya uhasibu wanawasha kompyuta zao na kuandika maneno yao ya siri, lakini folda yenye hesabu za mwezi mzima haifunguki. Baadhi wanaelezwa na kompyuta kwamba njia ya kulifikia faili haikupatikana; wengine wanatazama kioo kilichoganda. Muda si mrefu simu ya fundi inaanza kulia, na meneja anataka jibu la swali moja tu: data zipo au zimepotea?

Mara nyingi jibu ni kwamba data zipo, ila njia ya kuzifikia ndiyo iliyokatika. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno lakini ni kubwa kwa vitendo, kwani data zilizokuwa salama wakati hitilafu inaanza zaweza kufutwa na mkono wa yule aliyekuja kuirekebisha.

Hapo zamani seva ilihifadhi kila kitu katika diski zilizomo ndani ya kasha lake. Hivi sasa ofisi, hospitali na vyuo vingi huweka data katika chombo cha pekee chenye diski nyingi, yaani ghala la data, na kukiunganisha na seva kwa njia ya mtandao. Faida yake ni kwamba seva ikiharibika data hubaki, na seva kadhaa zinaweza kutumia ghala moja. Gharama yake ni kwamba kila kinachousumbua mtandao, hata waya uliokanyagwa na mguu wa meza, hugeuka kuwa ugonjwa wa diski.

Njia za kuunganisha ghala na seva ni za aina kuu mbili. Katika aina ya kwanza, ghala ndilo linalosimamia mafaili na seva huomba faili inalolihitaji. Humo imo itifaki ya NFS, iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984 na inayotumika zaidi katika Linux na Unix, pamoja na SMB inayotumiwa na Windows. Katika aina ya pili, ambayo mfano wake ni iSCSI iliyotangazwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2004, seva hukatiwa kipande cha diski na kukitumia kana kwamba kimo ndani ya kasha lake. Yafaa ieleweke kwamba kipande hicho kikipewa seva mbili kwa wakati mmoja, bila mfumo maalumu wa kuzipatanisha, kila moja huandika juu ya maandishi ya mwenzake na data huharibika.

Hatua ya kwanza ya uchunguzi haihitaji chombo chochote. Ni kuuliza: tatizo limempata nani, lilianza lini, na nini kilibadilishwa kabla yake? Ikiwa ni mtumiaji mmoja pekee, kosa huenda liko katika kompyuta yake au katika idhini aliyopewa. Ikiwa ni ofisi nzima, macho yaelekezwe kwenye seva, swichi na ghala. Kabla ya kuzima chochote, zisomwe kumbukumbu za matukio katika seva na katika ghala, kwa kuwa saa na dakika zilizoandikwa humo huonyesha kipi kilitangulia kuanguka.

Hatua ya pili ni waya. Taa za swichi na za ghala zitazamwe, na kasi ya muunganisho isomwe. Muunganisho wa kasi ya gigabiti moja kupitia waya wa shaba hutumia jozi zote nne za nyuzi zilizomo, ilhali ule wa megabiti 100 hutumia jozi mbili tu. Hivyo uzi mmoja ukikatika, kasi inaweza kushuka hadi megabiti 100. Mafaili yanafunguka, lakini kwa mwendo wa konokono. Fundi asiyetazama kasi anaweza kulilaumu ghala kwa wiki nzima kwa kosa la waya.

Hatua ya tatu ni anwani. Amri ya ping hupima kama ghala linaitika. Hata hivyo, kuitika huko ni sawa na mlinzi kuitikia hodi getini. Hakuthibitishi kwamba duka limefunguliwa. Kila huduma ina mlango wake: NFS hutumia namba 2049, SMB namba 445 na iSCSI namba 3260. Ikiwa ghala linaitika lakini mlango haufunguki, basi huduma imesimama ndani ya ghala au kuna programu ya ulinzi inayoziba njia. Aidha, ikiwa ghala linapatikana kwa namba ya anwani lakini halipatikani kwa jina lake, kosa liko kwa kompyuta inayotafsiri majina, wala si kwa ghala.

Hitilafu inayowachanganya wengi ni ile ya ukubwa wa vifurushi vya data. Kwa kawaida kifurushi kimoja mtandaoni hakizidi baiti 1500. Baadhi ya mafundi hupandisha kiwango hicho hadi 9000 ili kuongeza kasi, lakini seva, swichi na ghala ni lazima vikubaliane. Kimoja kikiachwa nyuma, ping ya kawaida hupita, orodha fupi ya mafaili huonekana, lakini faili kubwa likianza kunakiliwa kila kitu huganda. Katika Linux, kipimo chake ni kutuma ping ya baiti 8972 iliyokatazwa kugawanywa. Baiti 28 zinazobaki ni za bahasha yenyewe. Kipimo hicho kikishindwa ilhali kile kidogo kinapita, chanzo kimejulikana.

Njia ikiwa safi, kinachofuata ni idhini. Katika iSCSI, ghala huitambua seva kwa jina lake maalumu. Seva ikiwekewa mfumo mpya hupata jina jipya, na ghala huikataa kama mgeni. Katika ofisi zinazotumia uthibitisho wa Kerberos, ambao ndio wa mitandao mingi ya Windows, tofauti ya saa inayozidi dakika tano kwa kawaida hutosha kumzuia mtumiaji mwenye neno sahihi la siri. Kifaa ambacho betri yake ya saa imechoka kinaweza kurudi nyuma miaka kadhaa baada ya umeme kukatika.

Yapo pia maghala ya zamani yanayojua toleo la kwanza tu la SMB. Udhaifu katika toleo hilo ndio uliotumiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017, na tangu mwishoni mwa mwaka huo Windows 10 mpya imekuwa ikitolewa bila toleo hilo kuwashwa kikamilifu. Kulirudisha ili ghala lifunguke ni kumwachia mwizi mlango wazi. Dawa ni kuboresha programu ya ghala au kulibadilisha.

Katika miji ambako umeme hukatika mara kwa mara, chanzo kingine ni mpangilio wa kuamka. Umeme ukirudi, vyote huwaka pamoja, lakini seva huweza kuwa tayari wakati ghala bado linakagua diski zake. Seva hulitafuta, hulikosa, na huendelea bila hilo. Utaratibu unaofaa ni kuwasha swichi kwanza, kisha ghala, na seva iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, seva itangulie. Betri ya akiba nayo iihudumie swichi, kwani ghala na seva zilizo hai pande mbili za swichi iliyokufa haziwezi kuonana.

Hapa ndipo subira inapohitajika. Katika Linux, muunganisho wa NFS kwa kawaida huwekwa ili programu zisubiri hadi ghala lirudi. Kuganda huko kunaudhi, lakini ni ulinzi: ghala likirudi, kazi huendelea ilipoishia. Aina nyingine ya muunganisho hukata tamaa baada ya muda na kuirudishia programu kosa, na faili laweza kubaki nusu. Kwa upande wa iSCSI, programu ya Linux kwa kawaida husubiri sekunde 120 kabla ya kutangaza kushindwa, na baada ya hapo mfumo wa mafaili unaweza kujifunga ili usomwe tu bila kuandikwa. Ukaguzi wa mfumo huo ufanyike ukiwa umetenganishwa na seva. Kuutengeneza huku ukitumika ni kuuharibu.

Hatari kubwa kuliko zote huja kwa sura ya swali la upole. Windows ikiona diski isiyoitambua huuliza kama ianze kuitayarisha upya. Fundi mwenye haraka, na meneja akiwa amesimama nyuma yake, hujibu ndiyo, kisha huifomati. Vivyo hivyo kwa anayechomoa diski za ghala bila kuandika mpangilio wake, au kuunda upya kundi la diski akidhani anaamsha la zamani.

Wala wingi wa diski ndani ya ghala si nakala ya akiba. Mpangilio wa RAID huokoa data diski moja ikifa, lakini faili lililofutwa kwa makosa hufutika kote papo hapo. Nakala iwekwe mahali pengine, na ijaribiwe kurudishwa kabla ya siku ya shida.

Kwa hiyo meneja anapouliza kama data zimepotea, jibu la fundi mwenye busara ni kwamba bado hajui, na kwamba hatabonyeza kitufe chochote cha kuandika kwenye diski hadi atakapojua. Mishahara inayochelewa saa mbili hulipwa. Hesabu zilizofutwa bila nakala ni za kuandikwa upya kwa mkono, pale zinapokumbukwa.