Breki Inavyokunywa Petroli

Mwenye Harrier au RAV4 anayeishi Nyakato, jijini Mwanza, akilalamika kwamba gari lake linakula mafuta, ushauri wa kwanza atakaopewa ni kulipeleka gereji. Atabadilishiwa plagi, atasafishiwa nozeli, atauziwa na kichupa cha dawa ya kumwaga kwenye tenki. Wiki haijaisha, mshale wa mafuta unashuka vilevile. Fundi hajamdhulumu. Ni kwamba sehemu kubwa ya petroli yake haikuwa ikipotelea kwenye plagi wala kwenye nozeli. Ilikuwa ikipotelea kwenye breki, pale kati ya Buzuruga na Igoma, kwenye barabara ya kuelekea Musoma.

Na petroli hiyo si ya bei rahisi. Mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ya Mwanza huwa juu kuliko ya Dar es Salaam, kwa kuwa mafuta yamesafirishwa zaidi ya kilomita 1,100 kutoka bandarini. Kwa hiyo inafaa kujua kila lita inaishia wapi.

Lita moja ya petroli imebeba nishati ya takriban megajuli 32. Injini haiwezi kuigeuza yote kuwa mwendo. Nyingi hutoka kama joto, kupitia rejeta na bomba la moshi. Tukikadiria kwa ukarimu, robo yake ndiyo inayofika kwenye magurudumu, yaani megajuli 8. Sasa chukua gari lenye kilo 1,700 pamoja na dereva na abiria wake, uzito wa kawaida kwa magari ya aina hii. Kulitoa liliposimama hadi mwendo wa kilomita 60 kwa saa kunataka kilojuli 236. Ukigawanya unapata mililita 30 za petroli, vijiko viwili vya chakula. Mita mia mbili mbele daladala linasimama kupakia, bajaji inachomoka pembeni, dereva anakanyaga breki, na nishati yote ile inageuka joto kwenye diski na pedi. Anaanza upya, vijiko viwili vingine. Kusimama mara 34 kwa namna hiyo ni lita nzima iliyoishia kupasha vyuma moto.

Uzito unaeleza kwa nini magari haya huteseka mjini kuliko madogo: Vitz yenye kilo 1,000 ingetumia mililita 17 kwa kazi ileile. Lakini uzito haupunguzwi kwa kutoa jeki na tairi la akiba. Kinachopunguzika ni mwendo, na hapo hesabu inamfaa dereva, maana nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi. Anayefika tuta linalofuata kwa kilomita 40 badala ya 60 ametumia chini ya nusu ya nishati ya mwenzake, mililita 13 tu. Na kwenye barabara ile ya kuelekea Musoma, saa za jioni, wote wawili watakutana nyuma ya daladala lilelile.

Ndiyo maana naamini dereva anayeweza kusoma barabara anaokoa mafuta kuliko kifaa chochote kinachouzwa madukani. Anaona taa nyekundu za gari la tatu mbele, anaondoa mguu kwenye mafuta mapema, na kuliacha gari lipungue lenyewe. Magari yenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa umeme, na karibu yote yanayoletwa kutoka Japani miaka hii ni ya namna hiyo, yana ujanja ambao wengi hawaujui: ukiondoa mguu gari likiwa ndani ya gia, kompyuta ya injini huzifunga nozeli kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, bila hata tone la petroli, mpaka mzunguko ushuke karibu na ule wa kuunguruma palepale; hapo ndipo nozeli hufunguka tena.

Hii inabomoa desturi iliyokita mizizi, ya kuweka nyutro kwenye mteremko ili kubana mafuta. Ukiweka nyutro, magurudumu hayaizungushi tena injini, kwa hiyo lazima ichome petroli isije ikazima. Unatumia mafuta pale ambapo usingetumia hata tone. Desturi hii ilitoka enzi za kabureta, ambayo haikuwa na namna ya kufunga mafuta hivyo. Leo haiokoi kitu, na inakuondolea msaada wa injini katika kulizuia gari. Kwenye mji wenye vilima kama Mwanza, hilo peke yake lingetosha kuiacha.

Kuunguruma palepale nako kuna gharama. Injini ya ukubwa wa lita 2 hadi 2.4 huchoma takriban lita moja kwa saa ikiwa imesimama, na kiyoyozi kikiwashwa huzidi hapo. Waliokuwa wakivuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko, Kigongo kwenda Busisi, wanajua foleni ile ya kuwasha, kusogea hatua chache na kusubiri. Daraja la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025 limewaondolea adha hiyo. Lakini kumsubiri mtoto getini mwa shule robo saa injini ikiwaka bado kupo, na dawa yake ni kuzungusha ufunguo.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa wenye magari walisikie kwa makini, nalo ni thamostati. Ni vali ndogo inayoyazuia maji ya kupooza yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto; kwa magari mengi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi za Selsiasi. Gari likichemsha, mafundi wengi huing'oa wakisema ni kifaa cha nchi za baridi. Hapana. Hata mchana wa jua kali Nyakato, hewa ina nyuzi thelathini, na injini inataka maji yake yawe karibu na 90. Bila thamostati maji yanazunguka muda wote na injini inabaki vuguvugu. Kompyuta inasoma ubaridi huo, inaamini gari limewashwa sasa hivi, na inaongeza petroli, kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye silinda ambayo haijapata moto. Oili nayo inabaki nzito, pistoni zinasuguana zaidi. Mwenye gari hili huona kipimo cha joto kiko chini na kufurahi, kumbe kila kilomita inamgharimu. Kama gari linachemsha, kinachotafutwa ni rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka au pampu iliyochoka. Oili nzito ya 20W-50 kwenye injini iliyoandikiwa 5W-30 ni kosa la ukoo huohuo, ingawa hasara yake ni ndogo zaidi.

Safari fupi zina tabu hiyohiyo. Anayetoka Nyakato kwenda mjini asubuhi anamaliza sehemu kubwa ya safari kabla injini haijapata moto sawasawa. Kipimo cha zamani cha ulaji wa mafuta cha Japani kiitwacho 10-15, kinachonukuliwa mpaka leo kwenye matangazo ya magari yaliyotumika, kilifanywa injini ikiwa tayari ina moto na mwendo hauzidi kilomita 70 kwa saa. Usishangae basi kilomita kwa lita zilizoandikwa pale zisipofikiwa hapa.

Mafundi wengine huulaumu mwinuko. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu ya ile ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 12. Ni kweli injini isiyo na turbo inapungukiwa nguvu kwa kiasi hicho ukikanyaga mpaka mwisho. Lakini nguvu na ulaji wa mafuta ni mambo mawili. Kompyuta hupima hewa inayoingia na kutoa petroli inayolingana nayo, na hewa nyepesi hulizuia gari kidogo zaidi barabarani. Mwinuko wa Mwanza hauna hatia.

Nje ya mji adui hubadilika. Kwenye lami, gari refu na pana namna hii likifika kilomita 70 hivi kwa saa, upepo unalizuia kwa nguvu sawa na ile inayopotea kwenye tairi. Baada ya hapo upepo ndio unaotawala: kutoka 80 kwenda 110, ukinzani wake unakaribia kuwa mara mbili. Keria tupu juu ya paa huuongeza ukinzani huo bure, kwa hiyo ishushwe isipotumika. Na breki hazijakuacha. Barabara ya Musoma inapita Kisesa, Magu, Lamadi na Bunda, na vijiji kati yake, vyenye vibao vya 50 na matuta. Anayefika kwenye kibao akiwa na 110 na kupiga breki anatupa petroli ya mililita zipatazo 80; aliyefika na 80 anatupa 32, na kama aliondoa mguu mapema hatupi karibu chochote.

Chujio la hewa nalitaja kwa sababu hutajwa sana. Watafiti wa maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, walilipima mwaka 2009 na kukuta kwamba kwenye magari yenye kompyuta, chujio lililoziba hupunguza uchangamfu wa gari, lakini ulaji wa mafuta haubadiliki kwa kiasi cha maana. Libadilishwe, kwa sababu vumbi letu linakwangua silinda. Tairi zina athari zaidi: jaza upepo kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, tairi zikiwa za baridi. Mara nyingi kimeandikwa kwa kilopaskali. 230 ni sawa na 33 za kwenye geji ya fundi pancha.

Mantiki ya breki ndiyo waliyoifuata waliobuni magari ya haibridi. Harrier ya haibridi, iliyoanza kuuzwa Japani 2005, hugeuza mota yake kuwa jenereta gari linapopunguza mwendo na kuhifadhi kwenye betri sehemu ya ile nishati ambayo diski zingeichoma. Ndiyo sababu faida yake huonekana kwenye foleni kuliko kwenye barabara iliyonyooka.

Kupima ni rahisi. Jaza tenki mpaka pampu ikate, andika kilomita, tembea, kisha jaza tena sheli ileile na ugawanye kilomita kwa lita ulizoongeza. Kama umeweka tairi kubwa kuliko za kiwandani, kumbuka kwamba kipima kilomita kinakupunja. Fanya hivyo kwa wiki ya mjini, kisha kwa safari ya Musoma. Mjini pakiwa pabaya na safarini pazuri, tatizo liko kwenye mguu na foleni. Kote kukiwa kubaya, hapo fundi ana kazi ya kweli: aangalie thamostati, sensa ya oksijeni, na breki zinazoshika zenyewe. Hizi za mwisho hujulikana hata bila vifaa. Ukimaliza safari ndefu na kusimama taratibu bila kukanyaga sana, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko ya upande wa pili, pedi za hapo zimekuwa zikishika diski njia nzima.