Kutoka Kyimo hadi Matema: ukichelewa, ulale wapi?

Safari ya kutoka Kyimo kwenda ufukwe wa Matema, kwenye Ziwa Nyasa, mwenye gari lake anaweza kuimaliza kwa saa chache. Kwa sababu ni fupi, wengi wetu hatufikirii pa kulala mpaka giza limeingia. Hapo ndipo gesti inakuwa imejaa, bodaboda anataja bei ya usiku, watoto wamechoka na chumba kilichopatikana hakina chandarua.

Katika makala haya tunaeleza vituo vinne vya kulala kwenye njia hii: Tukuyu, Kyela mjini, Ipinda na Matema. Kila kimoja kina mtu wake. Kabla ya kuchagua, jiulize maswali mawili: nitafika saa ngapi, na kesho asubuhi nataka kuwa wapi?

Barabara ilivyo

Kutoka Kyimo unapita Tukuyu, kisha unateremka kati ya migomba, chai na kokoa mpaka tambarare ya mpunga ya Kyela. Ni mteremko wa zaidi ya mita 1,000, kwa sababu Ziwa Nyasa lipo takribani mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Barabara hii ndiyo inayokwenda mpaka wa Malawi pale Kasumulu, kwa hiyo utakutana na malori mazito, mengine yakishuka polepole na mengine yakipanda kwa shida. Upande wa Rungwe ukungu na mvua vinaweza kukukuta wakati wowote.

Ukifika Kikusya, kabla ya Kyela mjini, unakata kushoto kuelekea Ipinda na Matema. Kipande hicho kina kilomita 39 hivi. Ipo pia njia ya kupitia Masoko hadi Ipinda. Ina mandhari nzuri, lakini wakati wa masika si njia ya gari dogo wala ya mtu mwenye haraka.

Matema ndiyo mwisho wa barabara ya ufukweni. Mbele yake safu ya milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja ziwani, na anayeendelea hutumia boti, mtumbwi au njia ya miguu. Ukifika Matema usiku na kukosa chumba, hakuna mji mwingine mbele wa kukimbilia. Itabidi urudi nyuma gizani.

Tukuyu: kwa aliyechelewa kuondoka

Kama unatoka mbali, tuseme Mbeya au Njombe, na saa 10 jioni bado hujaivuka Tukuyu, ushauri wetu ni ulale hapo hapo. Kuna gesti za bei tofauti, chakula kinapatikana na baridi inakupa usingizi mzuri. Asubuhi utateremka ukiiona barabara na utaufaidi uzuri wa njia, ambao usiku huuoni. Msikilizaji wa Kyimo hana haja ya kulala Tukuyu. Yeye alale nyumbani kwake, aondoke alfajiri.

Kyela mjini: kwa mwenye safari ya kuendelea

Kyela inamfaa anayetumia magari ya abiria, anayekwenda Kasumulu, au anayesubiri meli katika bandari ya Itungi au ya Kiwira. Hapa magari ni mengi, benki zipo na wakala wa pesa za simu hakosekani. Ila Kyela ni mji wa joto na hauko ufukweni. Ukilala hapa kwa sababu chumba ni rahisi, halafu kesho ukalipa nauli ya kwenda Matema na kurudi, piga hesabu ya vyote pamoja. Mara nyingi kile ulichookoa kwenye chumba kinaishia kwenye nauli.

Ipinda: kwa dharura

Ipinda ni mji mdogo katikati ya njia ya Matema. Kama giza limekukuta hapo, au mvua kubwa imenyesha na mito imejaa, usione haya kusimama. Tambarare hii inapitiwa na mito kama Mbaka na Lufilyo, na miezi ya Machi hadi Mei mafuriko si jambo geni. Kulala Ipinda si kushindwa safari.

Matema: kwa anayetaka asubuhi ya ziwa

Kama lengo lako ni ziwa lenyewe, lala Matema, na ufike mapema. Saa nzuri za Matema ni jioni, jua linapozama ng'ambo ya maji, na asubuhi, kabla upepo haujaamka. Milima iko upande wa mashariki, kwa hiyo jua huchelewa kukufikia na ufukwe hubaki na ubaridi kidogo. Wavuvi hurudi na samaki, na ukibahatika utapata mbasa.

Jumamosi kuna soko la vyungu pale Lyulilo, mwendo wa miguu kutoka Matema. Vyungu hivyo hufinyangwa na akina mama wa Kikisi wa Ikombe na kuletwa kwa mitumbwi. Anayetaka kununua kwa bei ya pale pale ni vizuri alale Matema usiku wa Ijumaa. Nyumba za wageni zipo, zikiwemo za Kanisa la Kilutheri, na siku za sikukuu hujaa. Piga simu kabla ya kuondoka nyumbani.

Jambo ambalo watu wa milimani hulisahau

Sisi wa maeneo ya baridi hatujazoea mbu wengi. Miili ya watu wanaoishi kwenye malaria kidogo haina kinga waliyo nayo wenzetu wa mwambaoni, kwa hiyo usiku mmoja bila chandarua unaweza kukugharimu kuliko safari nzima. Unapouliza bei ya chumba, uliza na chandarua, na ukifika kikague kama kina matundu. Mwenye watoto wadogo au mama mjamzito abebe chandarua chake kutoka nyumbani.

Malaria haitoki siku ile ile. Kwa kawaida dalili huanza wiki moja hadi mwezi mmoja baada ya kuumwa na mbu. Homa ikikushika umesharudi Kyimo, nenda kituo cha afya upimwe, na umwambie mhudumu kwamba ulilala ziwani.

Kabla ya kulipia chumba

Fika kabla ya saa 12 jioni, ukione chumba kwa macho yako. Hakikisha mlango unafungwa kwa ndani. Uliza kama maji yanatoka, na kama bei ni ya chumba au ya kila mtu. Uliza gari la kwanza la asubuhi linaondoka saa ngapi na kutoka wapi. Beba fedha taslimu kidogo, maana mtandao unaweza kukataa siku unapouhitaji. Kabla ya kuingia majini, waulize wenyeji wanaoga wapi, hasa karibu na midomo ya mito, kwa sababu ya mamba. Na mtu mmoja nyumbani ajue jina la gesti uliyolala.

Kwa Kinyakyusa tunasalimiana "Ugonile", yaani tunaulizana kama tumelala. Tunakutakia safari ambayo asubuhi yake, mtu akikusalimia hivyo pale ufukweni, utaitikia kwa moyo mweupe kwamba umelala salama.