Dawa ya mtoto: kijiko kipi hicho?

Maelezo ya dawa nyingi za maji za watoto huandikwa kwa Kiingereza, na humo yamo maneno mawili yanayowachanganya wazazi: “teaspoon” na “tablespoon”. Yote mawili ni kijiko, lakini si kijiko kimoja.

“Teaspoon” ni kijiko kidogo cha chai, yaani mililita 5. “Tablespoon” ni kijiko kikubwa cha chakula, mililita 15. Mzazi akichukua kikubwa badala ya kidogo, mtoto anakunywa mara tatu ya dozi yake. Kwa kifupi huandikwa “tsp” na “tbsp”. Ni herufi “b” tu inayoyatofautisha.

Kosa hili si la kupuuza. Parasetamoli ikizidi sana huharibu ini, na siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima.

Vijiko vya jikoni navyo havilingani, cha kwako na cha jirani huenda vikapishana. Tumia kikombe au bomba la kupimia linalokuja na dawa, na fuata alama za mililita. Kama halimo, mwombe muuza dawa akupatie na akuonyeshe kiasi kabla hujaondoka dukani.

Ikitokea mtoto amezidishiwa, usimtapishe wala usingoje dalili. Mwahishe hospitali, na chupa ya dawa uende nayo, ili daktari ajue amekunywa nini na kiasi gani.