Tamiflu kwa Vijana: Kilichofuata na Kilichosababisha

Sisi tunaosoma falsafa hufundishwa mapema, katika somo la mantiki, kosa ambalo kwa Kilatini huitwa post hoc ergo propter hoc: jambo limetokea baada ya jingine, basi limesababishwa nalo. Darasani kosa hili huonekana jepesi, kwa kuwa mfano wake ni jogoo kuwika na jua kuchomoza. Mbele ya mtoto mgonjwa si jepesi hata kidogo, na historia ya dawa moja nchini Japani yatuonyesha hivyo.

Dawa hiyo ni oseltamiviri, ijulikanayo zaidi kwa jina la Tamiflu. Hutibu influenza, yaani homa kali ya mafua iletwayo na virusi maalumu (si kila mafua, ndugu msomaji!). Virusi vikishazaliana ndani ya seli huhitaji kimeng'enya fulani ili vijinasue na kuvamia seli nyingine. Dawa hukizuia kimeng'enya hicho. Ndiyo maana hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili za kwanza, kabla virusi havijaenea. Kijana wa miaka 13 na kuendelea kwa kawaida huandikiwa kipimo cha mtu mzima: miligramu 75 mara mbili kwa siku, kwa siku 5. Kwa kijana mwenye afya njema faida si kubwa, kwani ugonjwa hufupishwa kwa siku moja hivi, na wengine hutapika. Kwa mwenye pumu, kisukari au selimundu, au aliyelazwa, hesabu hubadilika; madaktari hushauriwa waanze bila kungoja majibu ya maabara.

Japani iliitumia dawa hii kuliko nchi nyingine yoyote. Februari 2007 wanafunzi wawili wa miaka 14, waliougua influenza na kumeza dawa hiyo, walianguka kutoka ghorofani wakafa. Mwezi uliofuata Wizara ya Afya iliagiza vijana wa miaka 10 hadi 19 wasipewe, isipokuwa walio katika hatari kubwa.

Ni mzazi gani asingeilaumu dawa? Lakini influenza yenyewe huweza kumfanya kijana aweweseke, ainuke kitandani na kukimbia asikojua. Na kwa kuwa dawa hutolewa mwanzoni, homa ikiwa juu, mambo hayo mawili hukutana saa ileile. Ili kuyatenganisha ilibidi kuwatazama pia wagonjwa ambao hawakuimeza. Nao walikutwa na vituko vilevile, na hata baada ya zuio matukio hayakukoma. Mwaka 2018 zuio likaondolewa.

Je, Wizara ilikosea mwaka 2007? Sisi tunaona haikukosea. Kuamua ni kitu kimoja na kujua ni kingine. Busara yaweza kusimamisha dawa kabla ya uthibitisho, hasa pale inapookoa siku moja tu ya homa. Hatari ilikuwa kulichukua zuio kama uthibitisho, kisha kumwacha peke yake kijana asiyemeza dawa, kana kwamba yuko salama.

Siku hizi maelekezo ya Japani yanawahusu vijana wote wenye influenza, waliomeza dawa na wasiomeza: kwa angalau siku 2 tangu homa ianze asiachwe peke yake, milango na madirisha yafungwe, na ikiwezekana alale chumba cha chini.