Wimbo wa kubembelezea mtoto huwa wa mwisho kumtoka mzee akilini

Kila Mkenya aliyewahi kusimama wima wimbo wa taifa ukiimbwa ameimba mahadhi yaliyotoka bonde la mto Tana. Tume ya watu 5 iliyoutayarisha mwaka wa 1963, Graham Hyslop akiwa miongoni mwao, ilichukua mahadhi ya wimbo ambao akina mama wa Kipokomo huwalazia watoto, uliofikishwa kwao na Mpokomo Meza Moroa Galana.

Wataalamu wa ubongo wana sababu yao ya kuzithamini nyimbo za aina hiyo. Yale mtu aliyoimbiwa akiwa mgongoni mwa mamaye ni miongoni mwa mambo yanayochelewa sana kumtoka akilini. Ajuza asiyemtambua tena mjukuu aliyemlea aweza kuanzishiwa wimbo wa utotoni akaufikisha mwisho bila kukwama.

Mwaka wa 2015, watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Leipzig, Ujerumani, walitafuta kiini cha jambo hilo. Kwanza walipiga picha za ubongo wa vijana wenye afya ili kuona ni sehemu gani zinazofanya kazi mtu anaposikia wimbo aliouzoea tangu zamani. Kisha walichunguza sehemu hizo katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, maradhi yanayoongoza katika kusababisha dimenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na fikira. Waligundua kuwa hazikuwa zimesinyaa sana kama sehemu nyingine. Ghala la nyimbo, kwa maneno mengine, liko upande ambao moto huchelewa kuufikia.

Wenyeji wa Ozi, kijiji kilicho karibu na mlango wa mto Tana katika eneo bunge la Garsen, hawahitaji kufundishwa kwamba wimbo huhifadhi. Masimulizi ya pwani yanasema shujaa Fumo Liyongo, mshairi na bingwa wa ngoma ya gungu, aliishi na kuzikwa pande hizo. Inasimuliwa kwamba akiwa kifungoni alimwimbia kijakazi Saada ujumbe wa kumfikishia mamaye. Walinzi walisikia wimbo tu. Mama alisikia kwamba mwanawe anataka tupa ifichwe ndani ya mkate. Siku ya kukata minyororo, kishindo cha ngoma aliyowafundisha watu kikaifunika sauti ya chuma.

Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliutia kisa hicho katika utenzi mwaka wa 1913. Kwa muda mrefu kabla ya hapo kilitegemea vifua vya wazee. Kilichowasaidia ni vina na mizani: msimuliaji akisahau neno, kina humwonyesha lililopotea linaishia vipi, na mizani humpa idadi ya silabi zake. Mazungumzo ya kawaida hayana kamba ya kushikilia namna hiyo.

Je, muziki waweza kuzuia dimenshia? Hapa inafaa kwenda polepole. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2003 ulifuatilia watu 469 wa New York waliozidi umri wa miaka 75. Waliopiga ala za muziki, waliosoma, waliocheza michezo ya bao na karata, na waliocheza dansi, walipatwa na dimenshia kwa kiwango cha chini kuliko wenzao. Katika mazoezi yote ya mwili yaliyochunguzwa, dansi peke yake ndiyo iliyoonyesha tofauti.

Si ajabu. Anayecheza mwaribe ya Wapokomo husikiliza ngoma, hukumbuka hatua, hupima mwendo wa jirani na kuitikia kwa wakati mmoja, na hayo yote akiwa katikati ya watu. Hata hivyo, huenda mambo yako kinyume kwa baadhi yao: mzee ambaye akili yake imeanza kufifia huacha ngoma mapema, halafu ionekane kana kwamba kuacha ngoma ndiko kulikomdhuru. Watafiti wenyewe walilikiri shaka hilo.

Kwa aliyekwisha kuugua, tathmini ya tafiti nyingi iliyotolewa na shirika la Cochrane mwaka wa 2018 ilionyesha kuwa tiba ya muziki hupunguza huzuni. Kumbukumbu yenyewe haikuonekana kurejea kwa kiasi cha kutajika. Anayeuza kanda au dawa kwa ahadi ya kuirejesha anauza upepo.

Huzuni si jambo dogo, lakini. Katika kaunti jirani ya Kilifi, wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, na kituo cha Kaya Godoma huko Ganze kilianzishwa ili kuwahifadhi walionusurika. Mzee anayetangatanga usiku, anayezungumza peke yake au kuingia nyumba isiyo yake, aweza kuwa na dalili za maradhi. Jirani asiyejua huona jambo jingine. Mzee huyo huyo akiketi barazani na kuongoza wimbo ambao vijana hawaujui, ni vigumu zaidi kwa jirani kumwona kama kitu cha kuogopwa.

Wenye mzee nyumbani wanaweza kuanza na nyimbo za ujana wake, ziwe za mavuno ya mpunga, za harusi, kasida au tenzi za kanisani. Aimbe mwenyewe, na wengine waitikie; redio iliyoachwa ikinguruma kutwa humchosha.

Masikio nayo yasisahauliwe. Ripoti ya jarida la Lancet ya mwaka wa 2024 ilitaja mambo 14 yanayochangia dimenshia, yakiwemo uziwi usiotibiwa, shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara na upweke, ikakadiria kuwa karibu asilimia 45 ya visa vyote vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kwa hiyo mzee wa Ozi aliyeacha kuitikia nyimbo huenda hajasahau chochote, ila hasikii, na safari ya kumpeleka Garsen au Malindi akachunguzwe masikio na kupimwa damu ianze kabla ya watu kuanza kunong'ona.