Ruzuku za pampu za joto Maine: fedha ipo, ila si ya kila mfuko

Katika miji ya Lewiston na Portland, jimboni Maine, Marekani, Kiswahili kinasikika kwa sababu ya familia zilizotoka Kongo, Burundi na Rwanda. Zimehamia katika jimbo linalotegemea mafuta ya kupashia nyumba joto kuliko jimbo lingine lolote nchini humo. Takriban nusu ya kaya hujaziwa tangi na lori, na bei ikipanda katikati ya Januari mtu hana budi kulipa.

Ndiyo maana pampu ya joto imeshika soko. Mashine yenyewe ni ndugu wa kiyoyozi cha ukutani kinachofahamika Dar es Salaam na Mombasa, ila hii inaweza kugeuza mzunguko wake: huvuta joto lililo kwenye hewa ya nje, hata kukiwa na baridi ya chini ya sifuri, na kuliingiza ndani. Kwa kila uniti ya umeme inayotumia, hutoa kati ya uniti mbili na nne za joto. Mwaka 2019 Gavana Janet Mills aliweka lengo la kufunga pampu 100,000 ifikapo 2025. Lilitimia 2023.

Bila ruzuku, kasi hiyo isingefikiwa. Lakini ruzuku zinatofautiana, na anayetafuta fedha hizi aanze kwa kuuliza zinalipwaje, kisha ndipo aulize ni kiasi gani.

Chukua nafuu ya kodi ya serikali kuu iliyoongezwa na sheria ya mwaka 2022. Ilikuwa asilimia 30 ya gharama, isiyozidi dola 2,000. Inavutia, ila ilipunguza tu kodi ambayo mtu anadaiwa. Familia iliyonunua pampu ya dola 7,000 huku kodi yake ya mwaka ni dola 600 ilipata dola 600 basi. Dola 1,400 zilizobaki zilipotea, wala hazikuvushwa kwenda mwaka uliofuata. Mfanyakazi wa kipato cha chini, ambaye ndiye mafuta yanamuumiza zaidi, aliambulia kidogo kuliko jirani yake tajiri. Naona huo ulikuwa mpango mbovu. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imeufuta kwa mitambo iliyofungwa baada ya Desemba 31 mwaka huo, hivyo fundi anayeendelea kuitaja nafuu hiyo kwenye makadirio ya bei aulizwe maswali.

Ruzuku ya jimbo, inayotolewa na taasisi ya Efficiency Maine, imepangwa kwa busara zaidi. Mpango wa Septemba 2023 uligawa kaya kwa kipato: hadi dola 4,000 kwa yeyote, 6,000 kwa kipato cha kati, na 8,000 kwa kipato cha chini. Viwango hurekebishwa, kwa hiyo soma vya mwaka huu. Masharti nayo yana uzito: pampu ziweze kubeba sehemu kubwa ya joto la nyumba nzima, na kazi ifanywe na fundi aliyesajiliwa na mpango. Thibitisha usajili wake na daraja lako la kipato kabla hujatoa malipo ya awali, maana mkataba ukishasainiwa na fundi asiyesajiliwa, ruzuku imekwenda.

Nje ya Marekani, Uingereza na Wales wana njia nyepesi kwa mteja: fundi mwenyewe huomba pauni 7,500 na kuzitoa kwenye bei. Ujerumani hulipa hadi asilimia 70 ya gharama zisizozidi yuro 30,000, na huko ombi hutangulia kazi.

Wanaosahaulika ni wapangaji. Mwenye nyumba ndiye anayechukua ruzuku, na pale ambapo mafuta yalikuwa ndani ya kodi ya pango, pampu inaweza kuuhamishia mzigo mzima wa joto kwenye mita ya mpangaji. Aulize mapema umeme wa pampu utalipwa na nani, na jibu liandikwe kwenye mkataba wa pango.